Mwenye Zamu Haombi Unga

Mmelisikia kabla ya kuona chochote. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba, hata paa la ghala hili halikuonekana kutoka barabarani, na sauti ikashuka kutoka huko juu: nzito, ndefu, ikikatika na kuanza tena, kama ng'ombe anayemwita ndama. Mmoja wenu akauliza kama kuna msiba. Hakuna msiba. Hilo ni baragumu la pembe, na likilia alfajiri ya Jumamosi maana yake ni msaragambo: kila nyumba ya Ikongwe itoe mtu mmoja na jembe moja, waende kuzoa tope ndivani.

Kisha mama yule akatokea ndani ya ukungu, jembe begani, akayaona magunia yenu ya unga yamepangwa hapa barazani. Mlimwamkia, akaitikia vizuri. Mkamwambia mmetoka mjini kuja kuwasaidia wazee. Akatabasamu, akasema, "Mmefanya vema, wanangu. Ila mwenye zamu haombi unga." Akapanda zake. Tangu hapo mnatazamana tu, mpaka huyu binti, Fadhila, amepata moyo wa kuniuliza: "Babu, yule mama ametutukana?"

Hakuwatukana. Amewapa methali ya hapa, na methali ikisemwa katika kijiji ilikozaliwa huwa fupi mno kwa mgeni. Lori lenu haliwezi kupanda mpaka barabara ikauke, basi muda tunao. Mwenye zamu haombi unga. Nitawaeleza maneno hayo yalivyoanza, na nitayaeleza bila kupunguza, kwa sababu aliyeyasababisha ni mimi. Msidhani najisifu. Mtaona wenyewe kama kuna cha kujisifia.

Yalianza na shamba la mahindi la mjane mmoja, Bibi Nakijwa, na maji ambayo hayakulifikia.

Kwanza mjue ndiva ni nini. Ni bwawa dogo lililochimbwa kwa mkono huko juu, lenye ukuta wa mawe na udongo wa mfinyanzi. Jioni mlango wake unazibwa, maji ya kijito yanajaa usiku kucha, na kunapokucha unafunguliwa, maji yanateremka mferejini hadi kwenye shamba la mwenye zamu. Zamu yako ni asubuhi moja au alasiri moja. Ikipita, unasubiri wiki mbili. Asiye na zamu anasubiri mvua, na mvua ya milima hii haina adabu ya kumwambia mtu itakuja lini.

Bwawa hilo linajaa tope. Ndiyo sababu ya baragumu. Na sheria yake ni kongwe kuliko mtu yeyote aliye hai hapa: nyumba ikikosa msaragambo mara tatu mfululizo, zamu yake inachukuliwa na kupewa nyumba nyingine yenye mikono.

Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kichwa kikubwa kuliko miaka hiyo. Nilikuwa kiongozi wa kikundi tulichokiita Mkono wa Vijana. Tulikuwa tisa. Kila mwisho wa mwezi tulipita nyumba kwa nyumba, kila nyumba ikatoa mahindi kidogo, tukayapeleka mashineni, tukagawa unga kwa wazee saba waliokuwa hawana mtu. Tulifanya kwa moyo, hilo sitalikana. Lakini moyo mwema nao hupenda kujitazama kwenye kioo. Niliwapanga wazee wale mstari mmoja katika uwanja wa shule, jua likiwapiga usoni, na kabla ya kumpa mtu chochote nilitaka kwanza tuimbe beti nilizotunga mwenyewe:

*Njooni wazee wetu, unga leo umefika,*
*Hamtalala na njaa, vijana tumeamka.*

Wazee walipiga makofi. Mtu anayesubiri unga hupiga makofi.

Mwezi wa nane wa kugawa kwetu, Bibi Nakijwa hakuja. Tuliimba, tukagawa, furushi lake likabaki peke yake juu ya nyasi. Nilikasirika. Nikalibeba, nikamfuata nyumbani kwake, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia kuhusu shukrani.

Nilimkuta shambani, chini ya nyumba yake. Mahindi yalikuwa yameanza kutoa mbelewele, na huo ndio wakati ambao mahindi hayavumilii kiu. Majani yake yalikuwa yamejikunja kama sigara za kusokota. Bibi Nakijwa alikuwa akishuka kijitoni na kopo la zamani la mafuta, anapanda nalo mteremko polepole, anamwagia mashina matatu, anashuka tena. Goti lake la kulia lilikuwa limefungwa kitambaa. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye jicho lililokuona hadi mfukoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo hamkuimba?"

"Tumeimba. Wewe ndiye hukuwepo."

"Niliwasikia mpaka huku. Beti ni nzuri. Sauti yako ndiyo inayotaka palizi."

Nikamwonyesha furushi. "Nimekuletea unga wako."

"Uweke pale kwenye jiwe. Lakini niambie kwanza, ni unga wa nani?"

"Si nimesema ni wako?"

"Kabla haujawa wangu, mjukuu wangu. Ulitoka shamba gani?"

Hapo nikapata nafasi ya kujivuna. Nikamwambia kwamba mwezi ule mahindi mengi yametoka nyumbani kwetu, maana baba yangu, Mzee Kiondo, alikuwa amevuna vizuri kuliko watu wote wa Ikongwe.

"Najua amevuna vizuri," alisema. "Ana siku mbili za maji."

Nikaliweka furushi pale kwenye jiwe.

"Baba yako alikuwa na Alhamisi. Sasa ana Alhamisi na Jumanne. Hiyo Jumanne unadhani ilimdondokea kutoka mbinguni? Ilikuwa yangu. Baragumu lililia mara tatu nikiwa siwezi kukunja goti hili. Lilipolia mara ya nne, sikuwa na zamu."

Alikaa juu ya jiwe, kando ya furushi lile, akalipiga kofi dogo kama mtu anayempiga mtoto mgongoni.

"Sikulaumu wewe. Unga nimeula na nimesema asante kila mwezi. Lakini utazame jambo lenyewe, mwana wa Kiondo. Unaniletea kibaba kimoja cha maji yangu mwenyewe, halafu unaniimbia."

Vijana, nimepigwa na kuni za mama yangu, nimepigwa na mwalimu wa hesabu. Sijawahi kupigwa namna ile.

"Sasa sikiliza," akaendelea. "Mahindi haya yakipata maji Jumanne ijayo, nitavuna, nitakula, na mengine nitampa jirani. Yasipopata, yamekwisha. Na mimi nitakuwa nimekwisha pamoja nayo. Nitakuwa mtu wa kupangwa mstarini mpaka siku mtakayonizika, na hata siku hiyo sijui kama hamtaimba. Huu unga mpelekee Mzee Sekiete. Yeye haoni, na shamba hana. Mimi shamba ninalo."

Nilipeleka unga kwa Mzee Sekiete kama alivyoniagiza, kisha nikaenda nyumbani. Baba alikuwa uani akitia mpini mpya kwenye shoka. Sikumsalimu vizuri.

"Baba, Jumanne ni ya Bibi Nakijwa?"

Hakuinua kichwa. "Ilikuwa."

"Na wewe ukaipokea."

"Nilipewa na msimamizi wa ndiva, mbele ya watu, mchana. Amekwambia nimeiba?"

"Hakusema hivyo."

"Kwa sababu sikuiba." Akaweka shoka chini. "Elinazi, tope haliulizi mtu ana umri gani. Leo tukimwachia mmoja maji bila jembe, kesho wataachiwa watatu, keshokutwa ukuta unapasuka na hakuna wa kuuziba. Wewe na beti zako mtaogelea. Sheria ile ni kali, lakini ndiyo iliyokulea."

"Na yeye atakufa njaa."

"Ndiyo maana mnampelekea unga. Si natoa mimi pia?"

Jibu lile sikuweza kulitupa, kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Ukuta wa ndiva ukipasuka, hakuna mwenye zamu tena, kijana wala mzee. Sikutaka kuivunja sheria. Nilitaka kujua kama sheria yenyewe ilikuwa imemfunga Bibi Nakijwa, au ni sisi tuliokuwa tumemfunga na kuisingizia sheria.

Ijumaa jioni baragumu la kwanza likalia, lile la kuwajulisha watu kwamba kesho kuna kazi. Nikajaribu kukumbuka jinsi Mzee Mrutu, msimamizi wa ndiva, anavyohesabu. Hakuwahi kuita jina la mtu. Watu wakifika, kila mmoja hulaza jembe lake chini ya ukuta, mpini ukielekea mlimani. Mzee Mrutu hupita akigusa kila jembe kwa fimbo yake na kuuliza, "La nyumba gani?" Anajibiwa, anasogea. Kisha kila jembe linapewa kipande chake cha tope, na kipande kikimalizika ndipo nyumba ile inahesabiwa kuwa imekuja. Mzee Mrutu hahesabu watu, anahesabu majembe.

Nikawaita wenzangu jioni ileile. Nikawaambia kila jembe la mzee mwenye shamba asiye na mtu libebwe na mmoja wetu, alipeleke ndivani pamoja na jembe la kwao, achimbe vipande viwili.

Sifaeli, rafiki yangu mnene, akashika kiuno. "Elinazi, kipande kimoja kinanirudisha nyumbani natembea kama bata. Viwili nitarudi nimebebwa."

"Ukibebwa tutakuimbia," alisema Namche, mmoja wa wasichana wa kikundi, na watu wakacheka, nami nikacheka ingawa nilijua mshale ule ulikuwa wangu.

Lakini kucheka kuliisha nilipowaeleza zamu za wale wazee zilikokwenda. Zamu ya mmoja ilikuwa kwa mjomba wa Namche. Ya mwingine ilikuwa kwa kina Sifaeli wenyewe. Nyumba zenye mikono ndizo zilizopewa, na mikono hiyo ilikuwa sisi. Watatu kati yetu wakasema kutoa unga wanaweza, kutoa maji ya baba zao hawawezi, wakaondoka. Siwataji. Mmoja wao bado yuko hai na ni mtu mwema.

Nikapita kwa Bibi Nakijwa kuomba jembe lake. Akaniambia nipande darini. Lilikuwa limekula kutu, mpini wake umelainika kwa viganja vya watu wawili. "Ni la marehemu," akasema. "Usilivunje kwa hasira. Jembe linataka mtu mwenye nia, hasira inapiga mawe."

Jumamosi asubuhi nililaza majembe mawili chini ya ukuta. Sifaeli mawili. Namche mawili. Watu wakaanza kunong'ona. Baba yangu alikuwepo, kwa kuwa alikuwa mmoja wa wazee wa ndiva na alikaa juu ya ukuta kusimamia. Mzee Mrutu akaja na fimbo yake. Alikuwa mtu mrefu, mwaminifu, mkavu kama mbao, hajawahi kumpa ndugu yake tone la ziada.

Akagusa jembe la kwanza. "La nyumba gani?"

"Ya Kiondo," nikajibu.

Akagusa la pili. "Na hili?"

"Ya Nakijwa."

Fimbo ikabaki hewani. "Nakijwa yuko wapi?"

"Jembe lake liko hapa, mzee."

"Nimeuliza Nakijwa. Mtu mmoja hawezi kuwa nyumba mbili. Ondoa."

"Unahesabu majembe, mzee. Tangu nizaliwe unahesabu majembe."

"Usinifundishe ndiva, wewe mtunga nyimbo! Leo utaleta mawili, kesho tajiri mmoja ataleta kumi na kuchukua maji ya mlima mzima. Ondoa, nimesema."

Wengine wakamuunga mkono, na hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Nilifungua kinywa kupiga kelele. Nilikuwa hodari wa kelele. Lakini watu waliokuwa kwenye njia ya chini wakaanza kupisha, mmoja baada ya mwingine, na Bibi Nakijwa akatokea katikati yao, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine umeshika goti. Alikuwa ametoka nyumbani kabla ya jogoo. Mteremko ambao kijana anaupanda kwa nusu saa, yeye aliupanda tangu giza hadi jua lilipotoka.

Mzee Mrutu akamwamkia, kwa maana alikuwa mdogo kwake.

"Marahaba, Mrutu. Uliniuliza niko wapi. Niko hapa. Endelea kuhesabu."

"Dada, huwezi kuchimba."

"Siwezi. Huo ukuta uliosimama chini yake, udongo wake niliukanyaga kwa miguu hii nikiwa na mimba, lakini leo siwezi. Sikuja kubishana na goti langu." Akageuka, akamtazama baba yangu pale juu. "Kiondo, habari za asubuhi."

"Nzuri, dada."

"Jembe lako liko wapi?"

Baba akanyoosha kidole. "Lile pale."

"Nani amelibeba?"

"Mwanangu."

"Wewe mwenyewe mara ya mwisho kushuka kwenye tope ilikuwa lini?"

Baba akaanza kuhesabu kwa vidole. Mtu mmoja nyuma akasema, "Ni miaka sita hiyo!" na kicheko kikapita mstarini.

"Miaka sita," alisema Bibi Nakijwa. "Na zamu unayo. Hakuna aliyekuvua, na ni haki, kwa sababu jembe lako limekuja. Basi wazee wote tulioko hapa tunahesabiwa kwa mikono ya wengine. Wewe ulibahatika, mwana alibaki. Wangu mmoja nilimzika, mwingine alishuka bondeni kwenye mkonge na hajarudi. Nimempata wa kulibeba jembe langu. Mrutu anasema halihesabiki kwa kuwa hakutoka tumboni mwangu?"

Akanyoosha fimbo kuelekea kwetu vijana.

"Wanangu hawa wamenipa unga miezi minane," akasema, na sauti yake ilikuwa imetulia kabisa. "Mungu awabariki. Lakini mwenye zamu haombi unga. Nirudishieni Jumanne yangu, unga mpeni asiye na shamba."

Mzee Mrutu akakuna kidevu kwa kichwa cha fimbo. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi upande wa pili wa bwawa: "Jembe la mzee asiye na mtu litahesabiwa, likibebwa na mtu mwenye jembe la kwake. Moja tu, si kumi. Lakini tope halina huruma. Vipande viwili, vyote kwa kina cha fimbo ya kipimo, kabla jua halijagusa kilele kile. Kipande cha mzee kikipungua, zamu inabaki iliko. Na cha Nakijwa kitapimwa na Kiondo."

Watu wakaguna. Kiondo ndiye angepoteza Jumanne. Lakini Mrutu alijua anachofanya: anayepoteza hatapima kwa upendeleo, na hakuna atakayesema tumependelewa.

Nikaingia kwenye tope.

Sitawaeleza kila jembe. Nilimaliza kipande cha kwetu kabla jua halijafika utosini, nikahamia cha Bibi Nakijwa, na hapo nikakuta kilichokuwa kimenisubiri: chini ya tope kulikuwa na mawe yaliyoanguka kutoka ukutani mwaka wa mvua kubwa. Kila jiwe nililing'oa kwa mikono, nikalibeba kifuani, nikapanda nalo. Ngozi ya viganja ikatoka. Nilipopandwa na hasira jembe lilipiga jiwe na kuniruka mkononi, nilipotulia liliingia. Pembeni yangu Sifaeli alikuwa amelala kifudifudi kwenye ukingo, anahema, kisha anashuka tena bila mzaha wowote mdomoni. Namche alichimba akiwa amejifunga kanga kiunoni mara mbili, na hakuniangalia hata mara moja. Bibi Nakijwa alikuwa ameketi ukutani. Hakunihimiza, wala hakunionea huruma. Alitazama tope tu, kama mtu anayetazama chungu jikoni.

Jua lilikuwa karibu na kilele nilipomwita baba. Akashuka na fimbo ya kipimo. Akaizamisha kona ya kwanza. Ikafika. Kona ya pili, ikafika. Katikati akaizamisha, akainama, akatazama alama kwa muda mrefu.

"Bado. Vidole viwili."

Nilimtazama usoni nikitafuta baba yangu, nikamwona mpimaji. Nikalichukua jembe. Sikuwa na nguvu ya kulinyanyua juu ya bega, nikakwangua nimepiga magoti, nikazoa kwa mikono, nikatupa. Vidole viwili, vijana. Ukiwa huna cha kupoteza ni kitu kidogo sana.

Akazamisha tena. Matope yalikuwa yamempanda hadi mapajani, yeye ambaye miaka sita hakuwa ameshuka. Alitazama alama, akazungusha fimbo, akatazama upande wa pili. Angeweza kusema lolote. Hakuna mwingine aliyekuwa karibu kuona.

"Imetimia," alisema. Kisha akanyoosha mgongo, akapaza sauti: "Mrutu! Jumanne asubuhi ni ya Nakijwa!"

Siku ile zamu tano zilirudi. Kipande cha mzee alichochimba Sifaeli kilipungua kona moja, naye akalia waziwazi kama mtoto. Lakini msaragambo uliofuata alirudi na kukimaliza, na zamu ile nayo ikarudi. Na Mzee Sekiete, yule asiyeona, tuliendelea kumpelekea unga mpaka alipofariki, ila tulimpelekea nyumbani, tukaketi naye, na sikuimba tena mpaka aliponiomba mwenyewe. Kwa hiyo msije mkadhani methali yetu inawafukuza na magunia yenu. Wapo huku wasio na shamba wala nguvu, na hao unga ni haki yao. Methali haisemwi kumzomea mwenye njaa. Husemwa kwa anayebeba unga, ili kabla ya kuutua aulize: huyu mtu alikuwa na nini, na kimekwenda kwa nani? Watu walianza kuirudia siku ileile wakishuka mlimani, na tangu hapo haijafa.

Lakini ilikuwa bado haijakamilika, kwangu mimi, mpaka Jumanne.

Kulipokucha tulifungua mlango wa ndiva. Nilishuka nikiyafuata maji mferejini hadi shambani kwa Bibi Nakijwa, nikamkuta amesimama mwisho wa mfereji na jembe lake. Alikataa nimsaidie kuukata ukingo. Aliukata mwenyewe, mapigo mawili, na maji yakaingia kati ya mistari ya mahindi, yakienda polepole, yakizama, yakisogea tena. Aliyatazama mpaka yalipofika mstari wa mwisho. Ndipo akageuka.

"Umefanya kazi, mwana wa Kiondo. Sasa niambie ukweli, usiniambie beti. Mwezi ujao baragumu litalia tena. Na mwaka ujao. Utaoa, mkeo atakuuliza jembe hili ni la nani. Utachoka. Nami sitapata goti jipya. Leo umenirudishia Jumanne moja. Nikaishi kwa kuikumbuka?"

Baba alikuwa shamba la pili, ameegemea uzio, anasikia. Majirani walikuwa wametoka kuangalia maji. Miguu yangu ilikuwa ndani ya mfereji, viganja vimefungwa majani ya mgomba, na kwa mara ya kwanza sikutafuta vina. Nilisema kwa sauti, ili wote wawe mashahidi:

"Bibi Nakijwa, kila baragumu litakapolia, jembe lako litalazwa chini ya ukuta kabla ya langu. Nitakayemwoa ataambiwa hivyo kabla hajakubali. Nikiugua nitamtuma ndugu yangu, na nikifa nitakuwa nimewausia wanangu. Hakuna mzee wa Ikongwe atakayevuliwa maji kwa kukosa mkono wakati mimi mikono ninayo. Kula mahindi yako, bibi, na usisimame tena kwenye mstari wa mtu. Mwenye zamu haombi unga."